Kivuli Kwanza, Paa Baadaye: Mwongozo wa Kubuni Banda la Kupumzikia Watu Dodoma

Mradi wa studio ya usanifu majengo unaohusu nuru, muundo na eneo la umma una mtego mmoja. Mwanafunzi anachora paa zuri, anatia rangi kivuli chini yake, kisha anapanga mabenchi ndani ya kivuli hicho. Michoro inapendeza. Lakini kivuli alichokichora ni cha adhuhuri, na adhuhuri karibu hakuna anayekuja kukaa. Watu huja saa kumi jioni, na saa kumi jioni kivuli kimeshahama mita kama nne kuelekea mashariki.

Mwongozo huu unakuongoza kinyumenyume: unaanza na saa watu wanapokaa, unatafuta mahali kivuli kinapotakiwa kuangukia, halafu unabuni paa la kukileta hapo. Mfano wetu ni banda la watu 20 waliokaa, lenye urefu wa mita 10.8 na upana wa mita 6, katikati ya mji wa Dodoma. Vipimo unaweza kuvibadilisha. Mpangilio wa hatua ungeuacha ulivyo.

Hatua ya 1: Hesabu watu kabla ya kupima kiwanja

Chagua mahali ambapo watu tayari wanangoja kitu: ukingo wa soko la Majengo, kituo cha daladala cha Sabasaba, pembezoni mwa Nyerere Square, au nje ya geti la hospitali. Banda la umma likijengwa pasipo na shughuli hubaki tupu, hata liwe zuri kiasi gani.

Nenda siku mbili, moja ya kazi na moja ya mwisho wa wiki. Kila siku hesabu mara tatu, nusu saa kila mara: saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni. Andika wangapi wanapita, wangapi wamesimama na wangapi wamekaa, na waliokaa wamekalia nini. Ndoo iliyogeuzwa, ukingo wa mtaro, mzizi wa mwarobaini: hivyo vyote ni maombi ya benchi. Chora alama ya kila mtu kwenye ramani ya skeli ya 1:200, pamoja na mstari wa kivuli kilivyo saa hiyo. Ukiziweka ramani tatu juu ya karatasi inayopitisha mwanga, utaona watu wanahama pamoja na kivuli.

Angalia pia bodaboda na mama lishe. Wao ndio wa kwanza kuhamia kwenye kivuli kipya. Usipowatengea sehemu yao, banda lako litakuwa maegesho ndani ya wiki moja. Waachie ukanda wa mita 2 upande wa barabarani wenye mti au kipande cha paa, kisha inua sakafu ya banda milimita 150 na uweke mteremko wa 1:12 kwa kiti cha magurudumu upande wa pili, mbali na barabara. Kwa kimo cha milimita 150 mteremko huo unataka urefu wa mita 1.8. Wanafunzi wengi huuchora mita moja, kisha hukwama wanapoulizwa.

Vipimo vya kukaa ni vya kawaida. Benchi liwe na kimo cha milimita 420 hadi 450, kina cha milimita 400 hadi 450, na milimita 600 kwa kila mtu. Watu 20 basi wanahitaji mita 12 za benchi. Njia ya kupita ndani isipungue mita 1.5.

Hatua ya 2: Jua la Dodoma kwa namba

Dodoma iko nyuzi 6.2 kusini mwa ikweta, kwenye longitudo ya nyuzi 35.7 mashariki, kwa hiyo jua lake linapita pande zote mbili za paa. Tarehe 21 Juni, likiwa kileleni, limeinama nyuzi 29.6 kuelekea kaskazini. Tarehe 21 Desemba limeinama nyuzi 17.2 kuelekea kusini. Kati ya hapo, karibu na tarehe 5 Machi na 8 Oktoba, linapita juu ya kichwa kabisa na nguzo iliyosimama wima inakosa kivuli. Vitabu vingi vya usanifu vinavyosema dirisha la jua lielekee kusini vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani. Ukivifuata hapa umekosea miezi mingi ya mwaka.

Jambo la pili linalosahaulika ni saa ya ukutani. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45, nasi tuko nyuzi 9 na ushee magharibi yake. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua hufika kileleni wastani wa saa 6:37 mchana. Mapema Novemba huwahi, kama saa 6:21, na katikati ya Februari huchelewa hadi saa 6:51. Ukipima kivuli saa 6:00 kamili ukadhani ndiyo adhuhuri, michoro yako yote itakuwa imepinda kuelekea asubuhi.

Tafuta kaskazini bila kutegemea dira ya simu, maana bati, nondo na magari huivuruga. Simika kijiti cha mita 1, kikae wima kwa timazi. Asubuhi, weka alama kwenye ncha ya kivuli, kisha chora duara kwa kamba kutoka kwenye kijiti hadi alama hiyo. Mchana subiri ncha ya kivuli iguse duara tena upande wa pili. Mstari unaounganisha alama mbili ni mashariki na magharibi. Njia hii ina umri wa karne nyingi na inaishinda programu ya simu.

Ukitumia programu ya kuchora yenye jua, weka mahali kuwa Dodoma na saa za UTC+3 kabla ya kuwasha vivuli. Ukiacha mahali palipowekwa na watengenezaji, jua litatoka upande wa kusini mwezi Juni. Jopo linalokagua mradi likiligundua hilo, halitaamini mchoro mwingine wowote ulioleta.

Hatua ya 3: Geuza banda lielekee panapofaa

Masaa manne baada ya jua kufika kileleni, yaani kama saa 10:30 jioni, mwezi Oktoba jua liko nyuzi 30 juu ya upeo, karibu magharibi kabisa. Ukingo wa paa wenye kimo cha mita 3 unatupa kivuli chake mita 5.2 mashariki. Sasa linganisha. Banda lenye mita 6 kwenda mashariki-magharibi litabakiwa na sentimita 80 tu za kivuli cha paa ndani ya sakafu yake, mita 5.2 nyingine za kivuli zimeangukia nje, pengine barabarani. Ukilizungusha, mita 10.8 zikaenda mashariki-magharibi, unabakiwa na mita 5.6. Paa ni lile lile na bati ni zile zile. Kilichobadilika ni uelekeo, na eneo la kivuli cha jioni ndani ya banda limeongezeka karibu mara nne.

Kwa hiyo urefu uende mashariki-magharibi. Kiwanja kikikulazimisha kinyume, usilazimishe jua. Hamisha mabenchi yako ya jioni nje, upande wa mashariki wa banda, uyape sakafu ya zege na miti. Hilo ni jibu halali kabisa, na mara nyingine linavutia kuliko banda lenyewe.

Paa la bati katika mfano wetu linainama kutoka kaskazini (kimo cha mita 3.4) kwenda kusini (mita 2.6), kama nyuzi 8. Adhuhuri ya Juni jua huingia mita 1.9 kutoka kaskazini, na ya Desemba huingia mita 0.8 kutoka kusini. Katikati panabaki ukanda wa mita 3.3 usioguswa na jua la adhuhuri mwaka mzima. Mabenchi makuu yakae hapo. Upande wa kusini-mashariki weka ukuta mfupi wa sentimita 90, kwa sababu upepo wa kiangazi hutoka mashariki na kusini-mashariki ukiwa na vumbi jekundu, na mtu aliyekaa ndiye anayelipokea usoni.

Hatua ya 4: Luva zinazojua mwezi

Banda lina vyumba vitatu vya muundo, yaani nafasi kati ya mstari mmoja wa nguzo na mwingine, kila kimoja mita 3.6. Viwili vya magharibi vinapigwa bati. Cha mashariki kinawekewa luva za mbao, yaani mbao zilizopangwa sambamba na kuinamishwa, zikiacha mianya kati yake, na hapa ndipo mradi wako unapopata nuru ya kuzungumzia. Kwa nini mita 3.6? Kwa sababu mbao madukani huuzwa futi 12. Ukichagua mita 4 utanunua mbao ndefu kwa bei ya juu au utaunga kila ubao.

Luva zilazwe mashariki-magharibi, kila moja ikiinama nyuzi 45, na ukingo wake wa juu uwe upande wa kaskazini. Tumia mbao za inchi 1 kwa 6, yaani milimita 25 kwa 150, na upime milimita 120 kutoka ubao hadi ubao. Kila ubao unafunika milimita 124 ukiuangalia kutoka juu, kwa hiyo jua la Oktoba lililo wima halipati mwanya. Novemba na Desemba jua likihamia kusini linagonga uso wa ubao, na kivuli cha kila ubao kinafika milimita 151: limezibwa kabisa. Hii ndiyo miezi ya joto kali Dodoma.

Juni hali ni tofauti. Jua likitoka kaskazini linakaribia kwenda sambamba na ubao. Kivuli cha kila luva kinapungua hadi milimita 73 au 74 kati ya 120, na karibu asilimia 39 ya jua la adhuhuri inapenya kwa mistari. Katikati ya Agosti inapungua hadi asilimia 24 hivi. Juni na Julai ndiyo miezi yetu ya baridi, watu huota jua asubuhi wakiwa na makoti. Paa lisilo na injini wala mota linafunguka msimu wa baridi na kujifunga msimu wa joto, kwa sababu ya upande mmoja tu wa kuinamia. Ukigeuza ukingo wa juu uelekee kusini unapata paa linalofanya kinyume: linaziba Juni na kupitisha jua la Novemba. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika luva, na halionekani kwenye mchoro wa paa ukiangaliwa kutoka juu. Lazima lichorwe kwenye mkato, yaani mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima.

Kuna mitego mingine mitatu. Wa kwanza ni randa: ubao uliopigwa randa huweza kushuka hadi milimita 20 kwa 140, na hapo unafunika milimita 113 tu. Pima ubao halisi, kisha punguza nafasi hadi milimita 110. Wa pili ni fundi kupima nyuzi 45 kutoka kwenye boriti iliyoinama badala ya kutoka kwenye pima maji. Akifanya hivyo kwenye paa letu la nyuzi 8 atapata 53 au 37. Ndiyo maana chumba cha luva tunakiacha bapa, kimo cha mita 3, kwani hakimwagi maji. Wa tatu ni kujipinda. Hewa ya Dodoma kiangazi ni kavu sana, na ubao wa inchi moja uliofungwa ncha mbili tu utajinyonga kama ulimi. Weka boriti za kuegemea kila mita 1.2, yaani mistari minne kwa kila ubao, na kabari ya mbao iliyokatwa nyuzi 45 chini ya kila mahali pa kuegemea.

Hesabu ya chumba kimoja: mita 6 ukigawa kwa milimita 120 ni mbao 50 za futi 12. Kabari 200. Skrubu mbili kila kabari ni 400, ongeza 40 za kupotea. Uzito wa mbao hizo, kwa paini iliyokauka, ni kama kilo 340. Usitumie misumari, ubao ukicheza, msumari hutoka taratibu na luva huanguka kwenye benchi.

Hatua ya 5: Ukuta wa magharibi

Jua la jioni haliwezi kuzuiwa na paa peke yake. Jenga ukuta wa matofali ya matundu upande wa magharibi, kimo cha mita 2.1, urefu wa mita 4.8, ukiacha mlango wa mita 1.2. Matundu yawe milimita 100 kwa 100 katika tofali la unene wa milimita 150. Kwa uwiano huo, jua likiwa juu ya nyuzi 34 haliingii kabisa. Likishuka hadi nyuzi 30 linapenya asilimia 13 ya tundu, na likifika nyuzi 15, kama saa 11:25 jioni, linapenya asilimia 60. Wakati huo ukali umepungua, na madoa ya nuru yanayotembea sakafuni ndiyo yatakayobaki kwenye picha ya mtu. Ukitumia tofali jembamba la milimita 100 lenye tundu lile lile, mpaka unapanda hadi nyuzi 45 na ukuta unavuja jua kuanzia saa 9:30 alasiri. Unene wa tofali ndio unaofanya kazi. Urembo wa tundu ni hiari yako.

Angalia mwanya kati ya juu ya ukuta na ukingo wa paa. Kwa mwanya wa sentimita 90, jua la saa 10:30 linatua kwenye nyuso za waliokaa, kimo cha mita 1.2, kuanzia mita 1.6 hadi 3.1 kutoka ukutani. Hapo ndipo benchi lako la kwanza lilipo. Ning'iniza fishabodi pana (ubao wa ukingo wa paa) au ubao wa kuziba hadi kimo cha mita 2.4 na ukanda huo unapungua hadi nusu mita, kutoka 1.6 hadi 2.1. Weka hapo njia ya kupita, si benchi.

Ukuta wenye matundu ni mwepesi kuangushwa. Dodoma iko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa na mitetemeko husikika mara kwa mara, kwa hiyo weka nguzo ya zege yenye nondo nne za milimita 10 kila mita 2.4, na mkanda wa zege juu unaozifunga nguzo pamoja. Mtoto atapanda kwenye matundu. Hilo lihesabu kama uhakika.

Hatua ya 6: Muundo unaotaka kuruka

Kwenye jengo la kawaida unahofia paa kuanguka. Kwenye banda lililo wazi, hofu ni paa kunyanyuka. Fanya hesabu hii ndogo na uiweke kwenye ubao wako wa mwisho.

Tuchukue upepo wa mita 30 kwa sekunde, dhana ya studio tu. Kwenye ujenzi halisi mhandisi ndiye anayetoa namba. Shinikizo ni 0.613 mara 30 mara 30, yaani kama kilonyutoni 0.55 kwa mita ya mraba (kilonyutoni 1 ni kama uzito wa kilo 100). Zidisha kwa 1.2 kwa ajili ya banda wazi: 0.66. Nguzo ya kati inabeba mita 3.6 kwa 3, yaani mita za mraba 10.8, kwa hiyo inavutwa juu kwa kilonyutoni 7.1. Ukiongeza tahadhari ya 1.4 unapata 10. Paa la bati na mbao lina uzito wa kilonyutoni 1.6 tu kwa eneo hilo. Msingi wa sentimita 75 kila upande, pande zote tatu, una uzito wa kilonyutoni 10.1. Jumlisha na paa, punguza sehemu moja ya kumi, unabaki na 10.5. Umeshinda, lakini kwa kidogo. Msingi wa sentimita 60, unaoonekana kwenye michoro mingi ya wanafunzi, una 5.2 tu.

Nguzo ni nane. Zege la misingi ni mita za ujazo 3.4, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) utahitaji mifuko 21 au 22 ya saruji ya kilo 50. Bolti za kushikilia plati ya nguzo ziingie angalau milimita 400 ndani ya zege, zikiwa zimekunjwa chini. Upepo hauoni ukubwa wa msingi kama nguzo imeshikwa na bolti za kutoboa za milimita 60.

Nguzo zenyewe zina njia mbili nzuri. Bomba la mraba la chuma la milimita 100 kwa 100, unene wa milimita 3, ni jembamba na huacha nuru ipite. Nguzo za milingoti zilizotibiwa kutoka Mufindi, kipenyo cha milimita 150 hadi 180, zinapendeza na fundi yeyote anazielewa. Kwa njia zote mbili weka mikono ya nyuzi 45 kati ya nguzo na boriti, kila mkono ukianzia milimita 600 chini ya boriti. Bila mikono banda litayumba kwenda mashariki-magharibi hata kama nguzo ni nene.

Udongo uuangalie mwenyewe. Sehemu kubwa ya mji ina udongo mwekundu wenye mchanga, ambao ni rafiki. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi nyufa zinazomeza rula. Chimba shimo la mita 1.5. Ukikutana na mweusi, hamisha banda au shuka hadi uupite. Usiweke tumaini kwenye zege zaidi, maana udongo ule unanyanyua pia.

Hatua ya 7: Mchwa, joto na maji

Mbao isiguse ardhi popote. Kiatu cha chuma kiinue nguzo ya mti milimita 150 juu ya sakafu, pengo lionekane ili njia ya udongo ya mchwa ionekane pia. Oili chafu, dawa ya mtaani, huzuia kiasi lakini huchafua nguo za watu wanaoegemea. Nunua mbao iliyotibiwa kiwandani, kisha paka dawa kila mahali ulipokata, kwa sababu msumeno hufungua sehemu ambayo dawa haikufika.

Bati lililo peke yake linapika vichwa. Mtu amekaa kivulini lakini joto linashuka kutoka juu. Weka dari ya matete au mbao nyembamba, milimita 200 hadi 300 chini ya bati, ncha zikiwa wazi ili hewa ipite katikati. Mbunifu majengo Francis Kéré alitumia wazo hilo kwenye shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001: paa la bati limenyanyuliwa juu ya dari ya matofali ili upepo upite kati yake. Tembe ya Kigogo ilijibu swali hilo hilo kwa kinyume, kwa paa bapa la udongo mzito linalochelewesha joto hadi usiku. Tembe ni somo zuri la kuchora mkato, ila kwa banda la umma uzito ule unataka nguzo za karibu karibu ambazo zitakula nafasi yote.

Mvua Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mita za mraba 43 za bati zinaweza kukusanya kama lita 21,000 kwa mwaka, na mvua moja ya milimita 30 inaleta lita 1,300 kwa mkupuo. Gata ya upande wa kusini ipeleke maji kwenye tangi la lita 5,000, na yanayofurika yaende kwenye mashimo ya miti. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililobuniwa na mbunifu majengo Beda Amuli miaka ya 1970, lilijengwa kwa miavuli ya zege inayotoa kivuli na kukusanya maji ya mvua. Tafuta mkato wake kabla hujachora wako.

Hatua ya 8: Modeli ya 1:20 na msumari mmoja

Modeli ya nuru isijengwe kwa karatasi ya manila peke yake, maana inapitisha mwanga. Tumia kadibodi ya milimita 3, ziba viungo kwa utepe mweusi. Kwa 1:20 banda ni milimita 540 kwa 300, na luva ni vipande vya upana wa milimita 7.5 vilivyopangwa kila milimita 6. Ni kazi ya kukata vipande 50, ichukulie kwa subira. Rangi za ndani zifanane na za kweli, hasa sakafu. Sakafu nyeupe kwenye modeli itakudanganya kuhusu nuru.

Sasa usisubiri Desemba ije. Bandika kwenye ubao wa modeli karatasi yenye msumari uliosimama milimita 50 juu ya karatasi, kisha weka alama za ncha ya kivuli:

21 Juni, kileleni: milimita 28 kusini.
8 Oktoba, kileleni: hakuna kivuli.
21 Desemba, kileleni: milimita 15.5 kaskazini.
21 Juni, masaa manne baadaye: milimita 96 mashariki na 54 kusini.
8 Oktoba, masaa manne baadaye: milimita 85 mashariki na 5 kaskazini.
21 Desemba, masaa manne baadaye: milimita 80 mashariki na 35 kaskazini.

Toka juani siku yoyote isiyo na mawingu. Inamisha na kugeuza ubao mzima mpaka ncha ya kivuli cha msumari iguse alama unayoitaka. Hapo modeli yako iko katika tarehe na saa hiyo. Mwenzako ashike ubao, wewe piga picha kupitia tundu la ukubwa wa kamera ya simu, lililotobolewa milimita 60 juu ya sakafu, ambayo ni kimo cha macho ya aliyekaa. Picha sita, kamera mahali pamoja, zinatosha.

Pima pia mwanga kwa programu ya simu: nje ya modeli, chini ya bati na chini ya luva. Simu hazikubaliani kwa namba, kwa hiyo tumia simu moja na uandike uwiano. Nuru ya chini ya luva ikizidi ya chini ya bati zaidi ya mara tatu, macho yatasumbuka kuvuka mpaka, na waliokaa kwenye bati wataonekana gizani. Dawa yake ni kupaka dari rangi nyepesi, si kuongeza matundu.

Hatua ya 9: Kinachowekwa ukutani siku ya jopo

Ramani ya 1:200 yenye hesabu ya watu. Mpango wa 1:50. Mkato mmoja mkubwa wa 1:20 kwenda kaskazini-kusini unaoonyesha luva na miale mitatu, na mwingine wa mashariki-magharibi unaoonyesha ukuta na jua la saa 10:30. Maelezo ya 1:5 ya kiatu cha nguzo na kabari ya luva. Picha sita za modeli katika mstari mmoja. Andika saa kwenye kila kivuli. Kivuli kisicho na saa ni rangi tu.

Jopo litauliza nani atasafisha gata kabla ya mvua za Desemba, na atapandia wapi. Chora ndoana ya ngazi kwenye boriti ya kusini, iliyo kwenye kimo cha chini cha mita 2.6, na uandike kando yake kwamba kazi hiyo ni ya Novemba.